Barua ya wazi kwa watumishi wa Mungu wa Sumbawanga: msitupandikizie majina ndotoni

Kwenu Baba Askofu na mapadre wa jimbo letu, wachungaji wa Moravian, KKKT, Anglikana na makanisa ya Kipentekoste, mitume na manabii, makatekista na viongozi wa vikundi vya maombi, mlioko Sumbawanga mjini na vijijini kote Ufipa, kuanzia Mwazye hadi Namanyere.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Nimetoa salamu zote mbili kwa sababu jambo lililonifanya nishike kalamu halina dhehebu. Nimekesha na wanakarismatiki, nimekesha pia kwenye hema la nabii, na kote nimesikia swali lilelile likiulizwa kwa sauti ya upole: "Uliota nini?" Swali hilo halina ubaya. Ubaya uko katika maswali yanayolifuata, na hayo ndiyo yamenikalisha mezani.

Lakini nianze na sinema, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Mmoja wenu, simtaji, aliwaonya vijana kutoka madhabahuni wasiitazame Inception. Alisema ni sinema ya kishetani inayofundisha namna ya kuingia katika ndoto za watu, kazi ambayo wachawi wa Ufipa wanaifanya kila usiku bila kamera. Watu walicheka, wakapiga makofi. Jioni ileile vijana kadhaa walikwenda kuingiziwa muvi hiyo kwenye flashi. Matangazo ya bure ya namna hiyo hata kampuni iliyoitengeneza isingeyapata.

Sisi walezi wa vijana tukaona afadhali tuitazame nao. Tuliazima projekta, tukapanga mabenchi. Hatukupata nakala iliyotafsiriwa na madijei, kwa hiyo ilibidi nishike kipaza sauti nisimulie mwenyewe, kazi ambayo Lufufu wa Dar es Salaam enzi zake aliifanya kwa ufundi ambao mwalimu mstaafu hawezi kuufikia. Umeme wetu, ambao kwa miaka mingi tumeutegemea kutoka Zambia, ulikatika pale gari linapoanguka taratibu kutoka darajani. Gari likabaki hewani karibu saa nzima. Hakuna aliyeondoka.

Kwa ambao hamjaiona, na naamini ni wengi, hata miongoni mwa walioikemea: ni sinema ya Christopher Nolan, ilitoka mwaka 2010, ikapata tuzo nne za Oscar. Dom Cobb, anayeigizwa na Leonardo DiCaprio, ni mwizi wa siri. Anaingia katika ndoto ya mtu aliyelala na kumwibia yaliyo moyoni mwake. Tajiri wa Kijapani, Saito, anampa kazi iliyo kinyume cha hiyo: safari hii asiibe wazo, alipandikize. Mlengwa ni Robert Fischer, kijana anayemrithi baba yake aliyekuwa na kampuni kubwa ya nishati. Inatakiwa kijana huyo aamke akiamini, kwa akili yake mwenyewe, kwamba ni lazima aivunjevunje kampuni ya baba yake.

Tazameni wanavyofanya. Hawamwambii Fischer neno moja kwa moja, kwa sababu mtu akiambiwa jambo anakumbuka nani kamwambia, na akikumbuka anaweza kulikataa. Wanampeleka ndoto ndani ya ndoto, hatua kwa hatua. Ndoto ya kwanza inamwingizia kwamba hataki kufuata nyayo za baba yake. Ya pili, kwamba anataka kujenga kitu chake. Ya tatu inamfikisha kwenye kitanda cha baba anayekufa, na hapo machozi yanamtoka, maana anaamini sasa kwamba baba hakutaka awe nakala yake. Wazo wamelifunga ndani ya kidonda. Anaamka amefarijika kweli, lakini faraja yenyewe imetengenezwa na wezi.

Sasa niwakumbusheni hatua nyingine tatu ambazo kila aliyewahi kukesha Sumbawanga anazijua kwa moyo. Hatua ya kwanza: "Kuna mtu hapendi maendeleo yako." Nani atakataa? Hatua ya pili: "Ni mtu wa karibu." Mwamini anaanza kupitisha sura kichwani. Hatua ya tatu: "Ni wa damu. Umekula naye sahani moja." Nabii hakutaja jina. Akiulizwa na polisi ataapa kwamba hakutaja jina, na atakuwa amesema kweli. Jina limetajwa na mwamini mwenyewe, akilia, akiamini Roho Mtakatifu ndiye aliyemfunulia.

Haya siyatoi hewani. Mtaani kwetu kuna kijana aliyefiwa na mtoto wa miezi michache. Alikwenda mkeshani, na mimi nilikuwepo kwa sababu baba yake ni rafiki yangu. Usiku wa kwanza alisimulia ndoto: mwanamke anampa ugali wa ulezi na nyama, anakula, nyama haiishi mdomoni. Aliulizwa kama anamfahamu mwanamke huyo. Akasema hapana, hakuiona sura, aliona kitenge tu, cha rangi ya bluu. Mtumishi akamwambia arudi, aombe Mungu amfunulie. Aliporudi, kitenge kilikuwa cha bluu chenye maua. Usiku uliofuata kilikuwa ni kitenge cha shangazi yake, alichovaa siku ya msiba. Nilikiona kile kitenge msibani. Kilikuwa cha kijani.

Hakuna aliyemwambia kijana adanganye, na hakudanganya. Aliulizwa mara nyingi mpaka akapata la kujibu. Ninyi mnaosikiliza maungamo, na sisi tuliosahihisha mitihani ya watoto, tunajua swali linavyoweza kubeba jibu lake tumboni. Wiki ile bati la shangazi lilipigwa mawe usiku. Mama huyo, ambaye ndiye aliyemwogesha kitoto kile siku kilipozaliwa, alifunga mizigo akahamia kwa binti yake Laela. Shamba lake la mahindi limevunwa na wengine.

Turudi kwenye sinema, maana ndani yake kuna kifo kinachofanana na hiki. Zamani Cobb na mkewe, Mal, walizama katika ndoto ndefu mno, wakaishi humo kama miaka 50, wakazeeka pamoja. Mal akasahau kwamba ni ndoto. Cobb, akitaka kumrudisha, akampandikizia wazo moja dogo: dunia hii si ya kweli, na njia ya kutoka ni kufa. Ilifaa ndotoni. Walipoamka, wazo halikubaki ndotoni. Lilimtafuna Mal kama dumuzi ndani ya ghala, nje huoni kitu. Akiwatazama watoto wake mwenyewe aliona si wake. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yao akajirusha dirishani, ili aamke.

Sinema ilipokwisha, binti mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa amekaa mabenchi ya nyuma aliinua mkono: "Mwalimu, sasa huyo mama aliuawa na nani?" Wavulana walitaka kubishana kuhusu ile pia, kichezeo cha watoto, inayozunguka mwishoni, kama ilianguka au haikuanguka. Ulimwenguni kote ndilo watu wanalobishania. Swali la binti ni zito zaidi. Mal alijirusha mwenyewe, na Cobb alikuwa akimsihi asiruke. Hata hivyo Cobb anajua, na ndiyo maana halali usingizi wa kawaida tena.

Kwa hiyo ndugu yetu aliyesema sinema hii inafundisha kuingia katika ndoto za watu alikosea upande. Sinema inaonyesha gharama ya kufanya hivyo. Na wanaoingia katika ndoto za watu katika mji huu si vibibi vya Kizwite au Chanji. Ni sisi, wenye Biblia mkononi.

Mtaniambia Mungu anasema kwa ndoto. Nakubali, na wala sitaki tubishane hapo. Yoeli alilitabiri, Petro akalirudia siku ya Pentekoste. Nilichokifanya, baada ya yule mama kuhama, ni kukaa na Biblia jioni kadhaa na kuzipitia ndoto zote nilizoweza kuzipata. Fanyeni hivyo nanyi, kisha mniambie ni wapi Mungu alimtokea mtu ndotoni akamtajia jirani yake kuwa ndiye adui aliyemfungia uzazi au biashara.

Mimi nimekuta kinyume. Mwanzo 20, Abimeleki anaonywa ndotoni kwamba mwanamke aliyemchukua ni mke wa mtu. Ndoto inamlinda Sara. Mwanzo 31, Labani anamfuatia Yakobo kwa hasira, Mungu anamjia usiku kumwonya asimtendee vibaya. Kwa Farao na kwa Nebukadreza, ndoto ni habari za njaa na za falme, na tafsiri yake inaishia kwenye maghala na kwenye unyenyekevu wa mfalme. Yule mwokaji mikate aliyekuwa gerezani na Yosefu aliambiwa habari mbaya, lakini ni habari zake mwenyewe. Hakuambiwa nani kamchongea.

Kisha fungueni Mathayo. Yosefu wa Nazareti ana mchumba mjamzito na mimba si yake. Kama kuna mtu aliyekuwa na kila sababu ya kumshtaki mwenzake ni huyo. Ndoto inamjia, na inamsafisha Maria. Ndoto zinazofuata zinamwokoa mtoto mikononi mwa Herode na kuwaelekeza Mamajusi njia nyingine. Mwisho wa kitabu, mke wa Pilato anateseka ndotoni na kutuma ujumbe barazani: mumewe asijihusishe na damu ya mtu huyo mwenye haki. Katika Mathayo nzima ndoto zinasimama upande wa anayeshtakiwa na anayewindwa. Pilato alipuuza ndoto ya mkewe, akausikiliza umati. Ni sura ya 27, mstari wa 19. Sijawahi kusikia ikihubiriwa mkeshani.

Na manabii wanaotangaza kwamba wameota, wameota? Yeremia 23 inawazungumzia kirefu, tena kwa ukali ambao mimi mlei sithubutu kuurudia. Ninyi Wakatoliki wenzangu mna pia Yoshua bin Sira 34, inayosema wazi kwamba ndoto zimewapoteza wengi walioziwekea matumaini.

Niongeze neno kuhusu hizo tafsiri zinazouzwa siku hizi kama orodha ya bei za dukani: ukiota ng'ombe wanakukimbiza ni majeshi ya ukoo, ukiota unakula umelishwa, ukiota uko shule ya msingi umerudishwa nyuma kimaisha. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka yangu yote ya kazi. Naota darasa la saba karibu kila wiki, na mara nyingi nimepoteza chaki. Kama nimerudishwa nyuma, basi pensheni yangu imerudi nyuma nami, ila hilo halina uhusiano na wachawi.

Swali linalobaki ni lile la Cobb: mtu atajuaje kwamba yuko macho? Yeye anatumia ile pia. Akiizungusha ikaanguka, yuko duniani. Ikiendelea kuzunguka bila kuchoka, yuko ndotoni. Kila mwizi katika kundi lake ana kitu chake cha kujipimia, na hairuhusiwi mwingine akiguse. Hapa ndipo ninapoachana na sinema hii, ingawa naipenda. Imani yetu haikupewa kipimo cha mfukoni ambacho mtu anakishika peke yake gizani.

Matendo 12: Petro anatolewa gerezani na malaika, minyororo inaanguka, mlango wa chuma unafunguka, naye anadhani ni njozi. Mwandishi wa Matendo anasema hivyo bila kuona haya. Fahamu zinamrudia akiwa barabarani, na anachofanya ni kwenda kwenye nyumba ya watu anaowafahamu na kubisha hodi. Wa ndani nao hawaamini. Wanamwambia msichana Roda kwamba ana wazimu. Petro anaendelea kubisha mpaka wamfungulie. Ukweli umejulikana mlangoni, kati ya watu, kwa macho ya wengi. Vivyo hivyo Luka 24: wanafunzi wanadhani wanaona roho, na Bwana aliyefufuka anawauliza kama wana chochote cha kula. Wanampa samaki, anamla mbele yao. Sisi wa mikoa ya ziwa Tanganyika na ziwa Rukwa tunajua samaki aliyeokwa anavyonukia na miiba yake ilivyo. Huwezi kumlinganisha na ile nyama ya ndotoni isiyoisha mdomoni.

Sinema yenyewe imepita karibu nasi. Cobb anampata mkemia wa dawa ya usingizi Mombasa, ingawa picha zilipigwa Tangier, Moroko, na Mmombasa yeyote akitazama atatikisa kichwa. Katika chumba cha chini cha mkemia huyo, Yusuf, wamelala watu kadhaa, wengi wazee, wameunganishwa kwenye mashine moja. Wanakuja kila siku kuota pamoja. Mzee anayewatunza anaeleza kwamba wamefika mahali ambapo wanakuja kwake ili waamshwe. Ndoto ndiyo imekuwa maisha. Vijana wetu walinyamaza kabisa hapo. Mmoja akanong'ona jina la mahali pa mikesha. Nilimkemea kwa ajili ya adabu, ingawa nilimwelewa.

Na kaskazini ya Mombasa halisi, si ya Tangier, kuna msitu wa Shakahola katika kaunti ya Kilifi. Mwaka 2023 ilifukuliwa huko miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu. Mchungaji wao, Paul Mackenzie, alikana mashtaka. Uganda nako, Kanungu, Machi 2000, mamia ya watu waliofuata maono ya viongozi wao waliteketea. Wazo ni lilelile la Mal: hapa si kweli, toka. Msiseme hayo ni ya Kenya na Uganda. Aliyeamini hayo hakuanza kwa kufunga hadi kufa. Alianza kwa kuzoea kwamba kinachoonwa na mtumishi usiku kinashinda kinachoonwa na watu wote mchana.

Haki niitende pia. Mwaka 2011 nusu ya nchi ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni, mti wa mugariga. Kuna waliofia foleni, na waliowatoa wagonjwa wao hospitalini ili wawapeleke, na hilo lilikuwa kosa kubwa. Lakini Babu, Mungu amrehemu, hakumtaja mtu yeyote kuwa mchawi. Ndoto yake ilizaa kikombe, na kikombe unaweza kukipima: umepona au hujapona, daktari atasema. Ndoto inayozaa jina la shangazi haipimwi na daktari yeyote. Anayetajwa akikana, kukana kwake ndiyo dalili. Akinyamaza, kunyamaza ndiyo dalili.

Ufipa tunalijua hili kuliko mikoa mingine, na si kwa sababu ya utani wa watu wa Dar wanaotuomba tusiwatumie radi. Miaka ya 1930 waganga wa mchape waliivuka mipaka ya Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakiwa na chupa za dawa, na vioo vidogo vya kuwatazamia wachawi kwenye foleni. Mwaka 1963 na 1964, uhuru ukiwa bado mbichi, Kamchape ilipita katika vijiji vyetu, na mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyekuwa akifanya utafiti Ufipa, aliandika habari zake. Vijana ndio waliokuwa mbele, wazee ndio waliokuwa na hofu. Leo wasaka wachawi wa namna hiyo tunawaita lambalamba, na serikali imepiga marufuku ramli chonganishi, na polisi wanawakamata wapigaji wake. Februari 2013 mama mmoja mwenye ualbino katika mkoa wetu alikatwa mkono, kwa sababu mahali fulani mtu fulani aliaminishwa kwamba kiungo cha mwenzake ni bahati yake. Wazo hilo nalo lilipandwa na mtu.

Lambalamba akija kijijini, mapadre na wachungaji mnamkemea, na mnafanya vema. Lakini yule kijana aliyefiwa hakwenda kwa lambalamba. Alikuja kanisani. Alichokipata kwetu ni kilekile, kikiwa na spika kubwa zaidi na kwaya.

Kuna sehemu ya sinema ambayo ningependa mapadre hasa waitazame. Cobb ameificha hatia yake chini kabisa, katika jumba la kumbukumbu lenye lifti, na humo chini Mal bado anaishi, mwenye hasira, na kila kazi anayoifanya mumewe anajitokeza kuiharibu. Mtu wa kwanza kuteremka naye huko ni Ariadne, mwanafunzi wa usanifu majengo, binti mdogo tu. Anamsikiliza. Lakini hana la kumpa zaidi ya kumsikiliza. Katika sinema nzima hakuna anayeweza kumwambia Cobb kwamba amesamehewa; inabidi ajiachilie mwenyewe. Ninyi mnalo neno hilo, mmepewa. Basi ni ajabu kwamba mtu mwenye uchungu akija kwenu na kilicho chini ya lifti yake, badala ya kumpa msamaha na faraja mnampa mshukiwa.

Yule kijana, nilipoongea naye baadaye chini ya mkaratusi nyuma ya kanisa, aliniambia jambo ambalo hakuna mtumishi aliyemuuliza. Usiku mtoto wake alipozidiwa, aliamua kusubiri asubuhi ili asilipie pikipiki ya usiku kwenda hospitali. Hilo ndilo lilikuwa chini. Ndoto ya nyama ilikuwa juu yake kama kifuniko, na sisi tulikaa usiku baada ya usiku tukichunguza kifuniko.

Ombi langu kwenu, Baba Askofu, wachungaji, manabii na mitume, ni moja. Tangazeni, kila mmoja katika kanisa lake, kwamba ndoto ya mtu yeyote, iwe ya mwamini au ya mtumishi, haitatumika kumtaja wala kumdokeza mtu kuwa mchawi. Na hiyo kudokeza muitaje wazi, maana ndiko tulikojificha: "mtu wa karibu", "wa damu", "mwanamke mfupi mweusi anayeishi upande wa magharibi". Atakayeota vibaya asikilizwe na watu wawili au watatu wenye busara, mlango ukiwa wazi, aulizwe amelala lini, amekula nini, amefiwa na nani. Apelekwe hospitali kama anaumwa. Aombewe. Likitokea jina mdomoni mwake, liishie hapo chumbani.

Kuhusu sinema, iacheni. Kama mnaona ina hatari, njooni tuitazame pamoja na muwaeleze vijana hatari yenyewe ni ipi, dakika kwa dakika. Tutaionyesha tena Julai, baada ya mavuno, na safari hii tumeahidiwa jenereta.

Jambo la mwisho ni la haraka zaidi. Yule mama bado yuko Laela, na kijana amekubali kwenda kumwomba radhi, ila anaogopa kwenda nami peke yangu, maana mimi si mtumishi na mtaa hautanisikiliza tukirudi naye. Nauli ya watu wanne ninayo. Namhitaji mmoja wenu, wa dhehebu lolote, avae kola au joho lake tufuatane naye, na Jumapili inayofuata asimame na mama huyo mbele ya watu walewale waliolisikia jina lake.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu mstaafu na mlezi wa vijana
Katandala, Sumbawanga